Anayelipa si anayekatwa

Ukitaka kuharibu chai ya mafundi seremala wa Marekani, wakalishe pamoja yule aliyenunua msumeno wa SawStop, ule wenye breki inayoisimamisha bladi ikigusa kidole, na yule aliyeapa kutoununua maisha yake yote. Wa kwanza atasema kidole hakiuzwi dukani. Wa pili atasema kidole kinalindwa na akili ya mwenye kidole, na kwamba kulipa dola elfu moja za ziada ni dalili ya kuiogopa mashine yako mwenyewe. Wote wawili watanyoosha mikono yao kama ushahidi. Mmoja wao atakuwa na vidole tisa na nusu, na huwezi kubashiri ni yupi.

Mimi natengeneza makabati ya jikoni huku Marekani, kwenye karakana yenye mashine hiyo. Nimekulia Keko, Dar es Salaam, kwenye karakana ambayo bladi haikuwahi kuvaa kava tangu siku mashine ilipofungwa. Kwa hiyo nina maoni, na sitayaficha mpaka mwisho: teknolojia hii inastahili bei yake. Tatizo langu ni namna hesabu yake inavyopigwa. Wengi wanahesabu kana kwamba anayetoa pesa ndiye anayesukuma mbao. Karakana nyingi nilizozijua, huku na nyumbani, zina watu wawili tofauti: mmoja ananunua mashine, mwingine anaitumia.

Tuanze na mashine yenyewe, maana wengi wameiona kwenye video ya soseji tu, ile ambayo soseji inasukumwa kwenye bladi badala ya kidole.

Msumeno wa meza ni bladi ya duara inayochomoza juu ya meza, na wewe unasukuma mbao kwa mikono miwili kuielekea. Hakuna mashine nyingine inayopasua kwa unyoofu na wepesi kama huo, na ndiyo maana karakana bila huo msumeno ni kibanda chenye randa na nia njema. Bladi ya kawaida huku ni ya inchi 10, na inazunguka kama mara 4,000 kwa dakika. Piga hesabu utaona ncha ya jino inakwenda mita 53 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 190 kwa saa. Hakuna mkono wa binadamu unaowahi kurudi nyuma baada ya kuguswa na kitu chenye mwendo huo. Maumivu yanafika kwenye ubongo kazi imeshakwisha.

Mwaka 1999 Steve Gass, wakili wa Oregon wa mambo ya hataza, yaani haki za wavumbuzi, ambaye pia ana shahada ya uzamivu ya fizikia na alikuwa akifanya useremala kwa kujifurahisha, aliwaza jambo ambalo ukishalisikia unashangaa kwa nini lilichelewa. Mwili wa binadamu unapitisha umeme. Mbao kavu haipitishi. Basi ukiitenga bladi na mwili wa mashine kwa plastiki, ukaipitishia mkondo hafifu sana, mkondo huo utabaki vilevile bladi inapokula mbao, na utashuka ghafla ikigusa ngozi. Kifaa cha umeme kinasoma mshuko huo na kuunguza kijiwaya chembamba kilichokuwa kimeishikilia springi. Springi ikiachiwa, inasukuma kipande cha aluminiamu moja kwa moja kwenye meno ya bladi. Bladi inajikita humo na kusimama, na nguvu yake yenyewe inaizamisha chini ya meza. Yote haya yanachukua milisekunde 5 au pungufu. Hata kama bladi isingepoteza mwendo wowote ndani ya muda huo, ingekuwa imezunguka theluthi moja tu ya duara. Yenye meno 40 ingepitisha meno 13 hivi. Kwa kuwa inapungua kasi muda wote huo, ni machache zaidi.

Gass alijaribu kwa soseji kwanza, kisha akatia kidole chake mwenyewe. Kilitoka damu, hakikukatika. Akaipeleka kazi yake kwa watengenezaji wakubwa wa mashine, akarudi mikono mitupu. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi: asilimia aliyotaka kulipwa kwa kila mashine, gharama ya kubadilisha viwanda, na woga wa mawakili kwamba ukiuza msumeno mmoja unaookoa vidole, umekiri kwamba misumeno yako mingine haiokoi. Akaanzisha kampuni yake mwenyewe, SawStop, na mashine za kwanza zikaanza kuwafikia wateja mwaka 2004.

Nimeshaiona ikipiga kazini. Mwenzangu alikuwa anapasua vipande vyembamba vya fremu za milango, jioni, ile saa ambayo kila mtu anaangalia ukuta kuliko kazi. Ulisikika mshindo mmoja mfupi, kisha kimya, na bladi haipo juu ya meza. Yeye mwenyewe alidhani mota imeungua. Tulipomwonyesha kidole ndipo akaona mchubuko upande wa kucha, wa kuweka plasta. Alikaa chini muda mrefu, si kwa sababu ya plasta. Kesho yake alikuwa kazini.

Gharama ya tukio lile: katriji ya breki, ambayo hutumika mara moja na kutupwa, ni kama dola 100. Bladi nayo ilikuwa imezama kwenye aluminiamu, meno kadhaa yamelegea, ikatupwa. Tuseme dola mia mbili kwa jumla, na nusu saa ya kubadilisha.

Wasioipenda mashine hii hutaja gharama hiyo haraka, na wana haki, kwa sababu breki haipigi kwa vidole tu. Inapiga kwa kitu chochote kinachopitisha umeme. Ukisahau kipimo cha chuma kikagusa bladi, imepiga. Ukipasua ubao wenye tabaka la karatasi ya aluminiamu, imepiga. Mbao iliyolowa sana dawa au maji inaweza kuidanganya pia. Kuna njia ya kuizima breki kwa muda, kwa ufunguo unaoushikilia wakati wa kuwasha, na ukizima mota breki inarudi yenyewe. Wamelifikiria. Lakini mtu asikuuzie mashine hii kana kwamba haina usumbufu wowote.

Sasa bei. Msumeno wa kubebeka wa bei nafuu unaupata Marekani kwa dola 200 hadi 300. Mzuri wa fundi wa saiti ni kama 600. Mdogo kabisa wa SawStop unakaribia dola 1,000, na ile mikubwa ya kusimama karakanani inaanzia karibu 2,000 na kupita 3,000. Kwa mtu anayetengeneza kibao cha kukatia nyama na kitanda cha mwanawe siku za Jumamosi, tofauti hiyo ni pesa nyingi. Na uwezekano wa yeye, mtu mmoja, kukatwa mwaka huu ni mdogo kweli. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani, CPSC, imekuwa ikikadiria majeruhi zaidi ya 30,000 kwa mwaka wanaofika vyumba vya dharura kwa sababu ya misumeno ya meza, na zaidi ya 4,000 kati yao wamekatika kiungo. Ni idadi ya kutisha, lakini igawanye kwa mamilioni ya misumeno iliyoko kwenye gereji za nchi hii, na fundi wa Jumamosi atakwambia, "Si mimi."

Namheshimu mtu huyo. Pesa ni zake, vidole ni vyake, na akikosea anayelia ni yeye na mkewe. Ningemshauri anunue akiweza. Asipoweza sitamwita mjinga, maana kuna mambo ya bei ndogo ambayo huenda yakamfaa zaidi, nitayafikia.

Ninayemtilia shaka ni yule mwingine: mwenye karakana anayekaa ofisini na kurudia maneno yaleyale ya fundi wa Jumamosi. "Fundi mzuri hakatwi." "Mashine hiyo itawafanya vijana wazembee." Nimeisikia hoja ya uzembe kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na katika lugha zote mbili msemaji alikuwa mtu asiyeshika mbao tena. Anayeshika mbao anajua kwamba ajali haimchagui mzembe. Inamchagua aliyepasua vipande mia tatu vinavyofanana tangu asubuhi, na mkono wake umeshaizoea njia hadi hautazami. Inamchagua aliyepewa bladi butu kwa sababu bosi anasubiri mwisho wa mwezi kunoa, kwa hiyo anasukuma kwa nguvu, na mbao ikiachia ghafla mkono unaenda nayo. Ustadi unapunguza ajali, sikatai. Lakini uchovu haupimwi kwa cheti cha ufundi.

Kuna kesi moja huku ambayo kila anayebishana juu ya jambo hili anaijua. Mwaka 2005, Massachusetts, mfanyakazi wa kutandika sakafu za mbao aliumia vibaya mkono kwenye msumeno wa Ryobi. Ulikuwa msumeno wa bei ya chini ya dola 200, na hakuununua yeye. Ulikuwa wa mwajiri. Akawashitaki watengenezaji kwa hoja kwamba teknolojia ya kuzuia ajali ile ilikuwapo tayari na wao waliamua kutoitumia. Watengenezaji wakajibu kwamba mashine nafuu na nyepesi isingebaki nafuu wala nyepesi ukiitia breki hiyo. Mwaka 2010 baraza la wazee wa mahakama likampa dola milioni 1.5, na mwaka 2011 mahakama ya rufaa ikaukubali uamuzi huo.

Wengi walizozana kuhusu uzembe wa yule mfanyakazi: mbona kava halikuwapo, mbona hakutumia reli ya kuongozea mbao. Maswali ya haki. Mimi jicho langu linabaki kwenye risiti. Mtu mmoja alisimama dukani akaona mashine ya chini ya dola 200, akaona imemfaa, na kwa pesa yake ilimfaa kweli. Mwingine akaletewa mashine hiyo saiti akaambiwa afanye kazi. Ukimuuliza wa kwanza kama breki inastahili mamia ya dola za ziada, atakupa jibu lake. Wa pili hajaulizwa.

Ndiyo maana naona swali la "inafaa au haifai" lina majibu tofauti kutegemea kama gharama ya kidole inamrudia mnunuzi. Huku, mwenye karakana analipa bima ya kuwafidia wafanyakazi wakiumia, na ajali zikizidi bima inapanda. Bosi wetu hakununua mashine hii kwa huruma, na mwenyewe anasema hivyo bila aibu. Alikaa na karatasi ya bima, akakaa na bei ya mashine, akaona ajali moja tu ya kurudishia kidole hospitalini, ambayo Marekani ni bili ya makumi ya maelfu ya dola, inazidi gharama ya breki ya miaka mingi. Shule nyingi za ufundi zimefika hapohapo kwa njia hiyohiyo. Mwanafunzi akikatika kidole kuna wazazi, kuna mawakili. Kwa taasisi yenye watu wengi, yale makadirio ya CPSC hayako mbali tena. Ni suala la lini na nani.

Kwa nini basi isiwe sheria, kila msumeno uuzwe na breki? Imejaribiwa kwa muda mrefu hadi inachosha kusimulia. Gass na wenzake waliiomba CPSC mwaka 2003. Mwaka 2011 tume ikatangaza kwamba inalifikiria. Mwaka 2017 ikatoa pendekezo: kidole kinachoisogelea bladi kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde kisikatwe zaidi ya milimita 3.5. Watengenezaji wakapinga, wakasema bei itapanda na kampuni moja itapewa soko zima mkononi. Hadi naandika haya, haijawa sheria.

Na hapo kwenye soko zima mkononi ndipo mapenzi yangu kwa SawStop yanapopoa. Bosch walitengeneza msumeno wao, REAXX, wenye njia tofauti. Badala ya kuikita bladi kwenye aluminiamu, waliweka kapsuli ndogo inayolipuka kama ile ya mfuko wa hewa wa gari, ikaishusha bladi chini ya meza bila kuiharibu, na katriji moja ilitosha mara mbili. Bladi nzima, kazi inaendelea baada ya dakika chache. Kwa fundi hilo ni jambo kubwa, maana nusu ya manung'uniko niliyoyataja juu yangekwisha. SawStop wakaenda kwenye tume ya biashara ya kimataifa ya Marekani kudai hataza zao, na mwaka 2017 REAXX ikazuiwa kuingizwa nchini. Mwaka huohuo SawStop yenyewe ikanunuliwa na kampuni mama ya Festool, watengenezaji wa zana wa Ujerumani. Mwaka 2024 wakajitokeza mbele ya CPSC wakaahidi kuiachilia hataza yao moja muhimu kwa kila mtu, iwapo sheria itapita. Iwapo. Mvumbuzi ana haki ya kula jasho lake, na huyu alifukuzwa milango yote kabla ya kujenga wa kwake. Hata hivyo huwezi kusema asubuhi kwamba kila mwaka maelfu wanakatika vidole bila sababu, na mchana ukaizuia mashine ya pili inayoviokoa. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya ile dola elfu ya ziada tunayobishania ni bei ya kukosekana mshindani, si bei ya aluminiamu na springi.

Ulaya wamekwenda njia nyingine tena kwa mashine kubwa za viwandani. Felder wa Austria wana mfumo unaouhisi mkono kabla haujaigusa bladi na kuishusha bila kuharibu kitu. Altendorf wa Ujerumani wanatumia kamera zinazotazama mikono. Mashine hizo bei zake ni za kiwanda, nazipita.

Nyumbani nako hali ni nyingine kabisa. Nilimtumia baba mdogo video ya soseji kwa WhatsApp. Yeye ndiye mwenye karakana Keko sasa, na dole gumba lake la kushoto linaishia kwenye kiungo cha kwanza tangu kabla sijaanza shule. Akanipigia.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Nimeiona hiyo soseji yenu. Sasa niambie, ikishapiga breki, mimi nyingine naipata wapi? Kariakoo?"

"Hapana, mpaka iagizwe."

"Na mpaka iagizwe, vijana wanakula nini?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Ongeza juu yake mambo ambayo hakuyataja kwa sababu ni ya kila siku kwake. Misumeno ya kubebeka inayouzwa huku ni ya umeme wa volti 120, kwetu ni 230. Mbao za paini zinazoshuka kutoka Sao Hill kule Mufindi mara nyingi zinafika sokoni zikiwa mbichi, mteja anataka kitanda Ijumaa, hakuna anayesubiri zikauke. Mbao mbichi kiasi kile ingeweza kuidanganya breki, kwa hiyo huenda angelazimika kuizima breki kila akiwasha mota, siku nzima. Hapo angekuwa amelipa zaidi ya shilingi milioni mbili za ziada kwa kifaa kinachokaa kimezimwa. Hata mimi nisingenunua.

Na msumeno wenyewe wa Keko si huu wa dukani. Ni meza ya chuma iliyochomelewa na fundi wa jirani, shafti juu ya beringi mbili, mkanda, na mota. Upande wa pili wa shafti huenda kuna visu vya kuranda au kichwa cha kutobolea. Swichi iko ukutani, hatua tatu kutoka anaposimama mpasuaji. Napenda mashine hizi. Zinatengenezeka kwa vipuri vya mtaani na zimelisha familia yetu. Lakini hazina kava, hazina kisu nyuma ya bladi, na kijana anayezitumia mara nyingi ni deiwaka aliyekuja asubuhi kuuliza kama kuna kazi.

Deiwaka huyo ndiye mtu wa pili katika hesabu yangu, na kwake gharama haimrudii mnunuzi kwa njia yoyote. Tanzania tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, chini ya sheria ya mwaka 2008. Kenya wana sheria yao ya fidia ya mwaka 2007. Kwenye makaratasi mfanyakazi anayekatika kidole kazini ana haki yake, iliyopangwa kwa asilimia. Lakini mfuko unamjua aliyechangiwa. Kijana anayelipwa jioni kwa mkono hayumo kwenye orodha yoyote. Akikatika, bosi muungwana atampeleka hospitali na kumpa nauli ya kurudi kwao, na hapo jambo limekwisha kwa upande wa bosi. Kwa upande wa kijana ndiyo kwanza linaanza, maana kazi zote anazoziweza zinahitaji kushika kitu. Usitegemee hesabu ya kimya ya soko imlinde mtu huyu. Soko limeshapiga hesabu, na jibu lake lipo kwenye mikono ya wazee wa Keko.

Nilipoacha kumshawishi baba mdogo kuhusu soseji, tukaanza kuzungumzia kisu.

Kisu hiki ni bamba la chuma linalosimama nyuma ya bladi, limepinda kuufuata mduara wake, na kazi yake ni moja: kuizuia mbao iliyokwisha kupasuliwa isijifunge na kuibana bladi. Watu hudhani hatari ya msumeno wa meza iko mbele, pale jino linapoingia. Meno ya mbele yanashuka, yanaikandamiza mbao mezani. Yale ya nyuma yanapanda. Mbao ikijifunga, au ikigeuka kidogo ikagusa meno ya nyuma, inanyanyuliwa na kurushwa kwa aliyesimama mbele, kwa mwendo unaoweza kuukaribia ule wa jino. Nimeona kipande kikitoboa ukuta wa bati. Mbaya zaidi, mkono uliokuwa unaisukuma mbao hiyo unabaki hewani bila kitu cha kuegemea, na unaangukia bladi. Ajali nyingi za vidole zinaanza hivyo, na hapa breki ya SawStop yenyewe ina mpaka wake. Kumbuka lile pendekezo la CPSC: mita moja kwa sekunde. Mkono unaovutwa na mbao iliyorushwa unaweza kwenda kwa kasi kubwa kuliko hiyo, na jeraha linakuwa la kina zaidi. Na breki haijui chochote kuhusu kipande cha mbao kinachokujia tumboni.

Paini mbichi ni mbao inayopenda sana kujifunga. Ukiipasua, nguvu zilizokuwa zimejificha ndani zinaachiwa na pande mbili zinapinda, mara nyingine zikiachana, mara nyingine zikikumbatiana juu ya bladi. Fundi wa Keko anasimamisha mtu wa pili upande wa nyuma na kabari mkononi, apachike kabari kwenye mwanya. Inafanya kazi, ila sasa mikono iliyo karibu na bladi imekuwa minne.

Ulaya kisu hiki kimekuwa cha lazima kwa muda mrefu. Marekani walikichelewesha mpaka karibu 2008, wakati viwango vyao vilipoanza kukidai kwenye misumeno mipya. Hakina hataza inayomzuia mtu, hakina katriji, hakitumii umeme. Kinachotakiwa ni vipimo. Kiwe chembamba kuliko njia inayochongwa na meno na kinene kuliko mwili wa bladi: kama meno yanachonga milimita 3.2 na mwili wa bladi ni 2.2, bamba la 2.5 linafaa. Kikae umbali wa milimita 3 hadi 8 kutoka kwenye meno. Ncha yake iwe chini kidogo ya kilele cha bladi, ili ukichonga mfereji usilazimike kukitoa. Kikishatolewa mara moja hakirudi. Kwenye msumeno wa dukani kupanda na kushuka pamoja na bladi ni kazi ya uhandisi, lakini mashine ya Keko shafti yake haisogei. Kisu kinafungwa kwenye fremu ya beringi na kinabaki hapo. Ni kazi ya nusu siku kwa mchomeleaji anayejua kupima, na chuma cha bei ya chakula cha mchana cha karakana.

Ukiongeza kijiti cha kusukumia kinachoning'inia kwenye meza yenyewe, na swichi iliyohamishwa kutoka ukutani hadi mahali ambapo goti linaifikia, umeshapunguza hatari kabla hujafikiria kuagiza chochote. Hata huku, nikimkuta mtu ana SawStop ya dola 3,000 na kisu amekiweka kabatini, naona amenunua bima ghali ya kosa alilolikaribisha mwenyewe.

Kwa hiyo fundi wa Jumamosi mwenye pesa kidogo aanze na kisu, kijiti na bladi kali, breki aiwekee akiba. Mwenye karakana ya kuajiri, mahali ambapo mashine inauzwa, katriji inapatikana na mbao zimekauka, anunue yenye breki, na asimwambie mtu kuhusu ustadi mpaka akae mwenyewe kwenye msumeno kuanzia asubuhi hadi jioni. Tofauti ya dola elfu moja ikigawanywa kwa miaka kumi ya kazi na watu wanne, haifiki bei ya kahawa inayonyweka ofisini.

Baba mdogo alikubali kisu, baada ya kunipigia mara kadhaa kubishania unene. Mchomeleaji alikikata vibaya mara ya kwanza, kikawa kinagusa bladi. Sasa kipo. Kava bado hataki kulisikia. Anasema linamzuia kuona mstari, na kwa vipande vyembamba ana hoja, tumebishana hilo na hatujaelewana. Vijana wawili walijaribu kukifungua kisu siku ya haraka, wakisema kinawachelewesha. Hakikufunguka. Boliti zake amezipiga weldi.